Ngoja Mvua na Mfenesi wa Ndani ya Nyumba

Ngoja Mvua, mchora ramani za nyumba, mtoto wa mwashi aliyejenga kuta za shule ambazo hadi leo hazijapinda, mjukuu wa mchimba visima aliyekuwa akionja udongo kwa ulimi kabla hajatia jembe, na mdogo wangu mimi aliyenifuata ziwa: huyo ndiye ninayemwandika hapa. Jina alilopewa na mama yetu lipo, ila hulitumia watu wa ofisini tu, na mimi nikikasirika. Mafundi, wauza mbao na wateja wote humwita Ngoja Mvua, naye huitika.

Jina hilo alilipata kwa haki. Mtu akija na kiwanja chake, moyo unamwenda mbio, anataka ramani upesi, mdogo wangu humwambia, "Ngoja mvua inyeshe kwanza." Kisha huchukua kiti chake cha turubai, kile cha kukunja, akaenda kuketi kwenye kiwanja cha mtu. Asubuhi huangalia jua linaingilia wapi. Mchana huangalia kivuli kinakimbilia wapi. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa: hujifunika mfuko wa saruji kichwani akabaki pale pale anatazama maji yanavyopita, kama mtu anayetazama mpira. Majirani hupita wakinong'ona, "Yule bwana ni mzima?" Mwenye kiwanja naye hujifanya hamjui.

"Maji yana njia zake," huwaambia. "Ukijenga juu ya njia ya maji yatakuja kukupigia hodi, na maji hayavui viatu mlangoni."

Ugonjwa huu aliupatia kwangu, sitakataa. Mimi niliishia darasa la saba, na sikuishia hapo kwa ujinga. Baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mguu, ikabidi mmoja wetu aingie kazini. Niliingia dobi ya hospitali nikiwa binti, nikatoka nikiwa mkuu wa dobi, na hakuna shuka ya hospitali ile ambayo haikupita mikononi mwangu au mwa wale niliowafundisha mimi. Mdogo wangu akitoka shule alikuwa akija kuningoja uani, penye kamba za kuanikia. Siku moja akaniuliza, "Dada, mbona shuka za kamba ya huku hukauka kwanza?"

"Upepo unapita pale, kati ya jiko na ghala."

"Kwa nini unapita pale?"

"Nenda kamuulize mwenyewe."

Akaenda. Alisimama kati ya jiko na ghala, shati linampepea, na kusema kweli sidhani kama amerudi tangu siku ile.

Alisoma mpaka chuo, akarudi na cheti na macho mekundu. Wakampa kazi kwenye ofisi ya kuchora majumba. Kila ramani aliyopewa aliuliza, jua liko upande gani? Mkuu wake akachoka. "Kijana," akamwambia, "jua si mteja wetu." Mdogo wangu akakunja karatasi zake, akakunja na kiti chake, akatoka. Mama alilia. Baba, mguu wake ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda, alisema maneno mawili tu: "Atakufa njaa." Hakufa, ila alikonda.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyefundisha shule, ambaye hadi leo tunamwita Mwalimu tu. Wakati huo alikuwa bado bibi arusi, kaolewa na dereva wa treni, bwana mmoja wa sauti kubwa, kama anaongea huku injini inanguruma. Kiwanja chao kilikuwa na mfenesi katikati, pale pale ambapo mtu yeyote angeweka sebule. Dereva wa treni alikuja na shoka begani.

"Mti huu unaondoka lini?"

"Hauondoki," akajibiwa.

"Na nyumba itakaa wapi?"

"Nyumba ndiyo mgeni, bwana. Mgeni hukaa pale anapopewa nafasi."

Dereva akacheka mpaka shoka likamponyoka. "Mke wangu, huyu uliyemleta ni mchora ramani au ni wakili wa mafenesi?"

"Mwache," mkewe akasema. "Kivuli tumekikuta, tukikate tukanunue feni?"

Basi nyumba ikajengwa. Iliuzunguka ule mti kama paka anavyojizungusha miguuni mwa mtu. Shina likapita kati ya sebule na chumba cha kulala, likatokea juu kwenye tundu aliloliacha kwenye paa. Upepo uliingia upande mmoja ukatokea mwingine, na maji ya mvua yakashuka kwenye mfereji hadi kwenye mizizi. Mti ukawa unazaa mafenesi humo humo ukumbini. Mgeni hajaketi, fenesi linamkodolea macho. Likiiva, mtaa mzima unajua kwa harufu, na kila mtu anakumbuka ana jambo la kumsalimia Mwalimu. Wale waliocheka wakati nyumba inajengwa ndio waliokuwa wa kwanza kuja kuketi mle joto likizidi.

Kutokea hapo akapata kazi. Alijenga nyumba iliyoegemea mwamba, nyumba ya udongo yenye kuta nene zinazopumua, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini bila ugomvi. Watu humsifu. Lakini kuna jambo wanaomsifu hawalijui, na sisi wa nyumbani tunalijua.

Nyumba za wenzake huisha. Fundi anapaka rangi, mwenye nyumba anapewa ufunguo, kwaheri. Za mdogo wangu haziishi. Kitu kilicho hai hakiachi kukua, na kila kinachokua humpigia simu. Mmea mtambaazi umeingia kwenye tangi. Ukuta wa udongo umelambwa na mvua, unataka kupakwa upya. Ndege wamejenga tunduni, mtoto hapati usingizi. Naye huenda. Hakuna siku aliyosema haendi. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni nyumba za watu. Hakuwa anatania sana.

Sasa mdogo wangu amezeeka. Magoti yake ni kama bawaba zilizoshika kutu, na kifua kinamsumbua kila hewa ikibadilika. Hulala kitini na viatu miguuni, eti simu ikiita asipoteze muda kutafuta kamba za viatu. Tangu afiwe anaishi kwangu, na mimi ndiye ninayemwona asubuhi anavyokaa ukingoni mwa kitanda, anaitazama miguu yake kama mtu anayewabembeleza punda.

"Pumzika," nikamwambia.

"Nikipumzika, ataenda nani?"

 Ana binti mmoja tu aliyefuata mambo ya ujenzi, naye ni mhandisi wa madaraja. Mimi humwita Zege. Ni mtoto mzuri, ana heshima, ila moyo wake uko kwenye chuma na saruji. "Shangazi," huniambia, "mimi daraja langu likikauka, tumeachana. Haliwezi kunipigia simu kwamba limeota majani." Na husema hivyo baba yake akisikia.

Mwaka huu, mawingu yalipoanza kukusanyika, simu iliita tukiwa mezani. Zege alikuwa amekuja kutusalimia. Aliyepiga alikuwa Mwalimu, ambaye sasa ni mjane na mstaafu.

"Ngoja Mvua," akasema, na sauti yake ya darasani tukaisikia sote, "mti wako umeingia chumbani kwangu bila hodi."

Ukuta wa chumba chake cha kulala ulikuwa umepasuka. Wanawe, walioko mbali, walikuwa wamemwambia achague kabla mvua hazijaanza: ama mti ukatwe, na mkata miti walishamtafuta, ama nyumba ibomolewe yeye ahamie kwao. Hawakukosea, mama yao angeweza kuangukiwa. Lakini nilimtazama mdogo wangu akiweka kijiko chini. Nyumba ile ilikuwa kifungua mimba wake. Zote zilizofuata zilitoka kwenye ile. Ikibomolewa, au mti ukikatwa, ni kama kumwambia mtu kwamba tangu mwanzo alikuwa anacheza.

"Nipe kiti changu," akasema. Zege akatuendesha.

Mwalimu alitupokea mlangoni. "Shikamoo dada," akaniamkia, maana ninamzidi umri na hajasahau. Akatupeleka moja kwa moja chumbani. Ufa ulianzia kona ya dirisha ukapanda mpaka kwenye boriti, na kiganja changu kiliingia. Upande wa pili shina lilikuwa limeegemea ukuta kwa uzito wake wote, limeinua boriti, na mabati ya juu yamekunjika kama sikio la mbwa. Fenesi moja changa lilikuwa linatokea kwenye ufa wenyewe. Lilikuwa limeshaingia chumbani kweli.

 Mdogo wangu aliufuata ule mti akaukumbatia. Wakati nyumba inajengwa nilikuwepo, nilimwona akiukumbatia hivi hivi kuupima, vidole vyake vikagusana kwa nyuma, akaacha nafasi ya ngumi kuuzunguka. Sasa mikono yake haikufika hata ubavuni.

"Dada," akaniambia, shavu likiwa bado kwenye gome, "niliangalia maji. Niliangalia upepo, niliangalia jua. Mti wenyewe nikaupima kama nguzo."

 Zege naye alikuwa anagonga ukuta kwa kidole akisikiliza, uso ameukunja.

"Baba, si wewe uliyenifundisha, usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Huu hauzibiki, mama. Ukiuziba hapa utafunguka pale. Mti haujamaliza."

"Basi ukatwe."

"Ukikatwa, nyumba hii inabaki kuwa nini? Kuta zilizopinda bila sababu."

"Na ukuta ukimwangukia Mwalimu? Tutaenda kumzika tukisema upepo ulikuwa mzuri?"

"Usinifokee. Mimi si kibarua wako."

"Kibarua wangu angenisikia!"

"Nyie," Mwalimu akasema, "mnagombana juu ya kichwa changu kama vile fenesi ni mimi. Ketini."

Tuliketi. Hata mimi niliketi, na mimi siamrishwi ovyo.

Mdogo wangu alifuta jasho. Alipoongea tena aliongea polepole, kama anabeba kila neno peke yake. "Kuna njia nyingine. Ukuta huu ndio uondoke. Boriti ishikwe kwa nguzo mbali na shina, paa likatwe upya, hapa pawe baraza. Mti ubaki, nyumba ibaki. Lakini chumba hiki, Mwalimu, utakuwa huna."

Mwalimu alikitazama kile chumba. Kitanda kilikuwa kile kile cha mbao nzito, na kigingi cha kutundikia koti la mumewe bado kiko nyuma ya mlango. "Kitanda hiki alikipitishia dirishani," akasema. "Mlango ulikigomea. Akapiga kelele kama anasukuma behewa."  Nilidhani atakataa, na ningemwelewa. Mtu hatoi chumba alicholala na mwenziwe maisha yote kwa sababu ya fenesi.

Kisha akatikisa kichwa. "Lakini kusema ukweli, yule mtu alikoroma chini ya mti ule kuliko alivyokoroma hapa. Kila Jumapili, mdomo wazi, na nzi wanamsalimia. Utoeni ukuta. Nitalala chumba cha watoto." Pale pale akampigia mwanawe. "Mwambie mkata miti asije. Ndiyo, nimechagua. Akija nitamchapa fimbo, na wewe ukimleta nitakuchapa pia, usijione umeota ndevu."

Mdogo wangu alivua koti. Nilijua anachotaka kufanya, nikamwita kwa lile jina alilopewa na mama, lakini alishashika ngazi. Alipanda kipago cha kwanza na cha pili. Kwenye cha tatu goti likamgomea. Hakwenda juu wala chini, alisimama pale ameishikilia ngazi, paji la uso kwenye mbao, pumzi zinamtoka kwa filimbi.  Zege alikwenda akaweka mkono mgongoni mwa baba yake, akaushika tu, mpaka alipoweza kushuka. Kisha akamfungulia kile kiti cha turubai chini ya mti, na mzee akaketi kama mzigo unavyotuliwa.

"Boriti isipoegemezwa leo," Zege akasema, akifunga nywele zake kwa nyuma, "mvua ikija usiku tumekwisha." Akavaa viatu vya kazi kutoka kwenye buti la gari, akaenda dukani, akarudi na mirunda, zile nguzo za kuegemezea zege, pamoja na vibarua wawili aliowaokota njiani.

Alifanya kazi mchana kutwa. Alipiga kelele, alipima, aliwarudisha vibarua chini wakaanze upya. Baba yake alikuwa anatazama, macho nusu wazi. Nilidhani amelala.

Mrunda wa mwisho ilibidi uegemee kwenye shina lenyewe, hapakuwa na mahali pengine. Kibarua akauinua. "Ngoja," Zege akamwambia. Akaenda jikoni, nikamsikia anamwomba Mwalimu gunia kuukuu. Akalikunja, akaliweka kati ya mti na mbao, akalisogeza mara mbili mpaka likakaa sawa, ndipo akaruhusu mrunda ukazwe.

"Gunia la nini?" mdogo wangu akauliza kutoka kitini.

"Gome litachubuka," Zege akajibu bila kugeuka. "Halafu wewe utaninunia mwaka mzima."

Mdogo wangu akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuna aliyekuwa amemwambia yule mtoto habari ya gunia.

Jua lilipoanza kulegea vibarua waliondoka. Zege alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo baba yake alipomwita.

"Mama, njoo. Nisaidie kusimama." Akasimamishwa. Lakini hakuondoka. Alielekeza kidole kwenye kiti. "Keti."

"Baba, mimi nimechafuka."

"Kiti hicho kimeona matope. Keti." Zege akaketi, magoti juu, kama kwenye benchi la watoto. "Kesho waite mafundi watoe ukuta. Lakini paa jipya usilichore."

"Nisilichore? Na mvua?"

"Funika kwa turubai. Mvua ya kwanza ikinyesha uwe umeketi hapo. Uangalie maji ya paa yanaangukia wapi, na upepo ukija shina linayumba mpaka wapi. Utazame matawi makubwa yanaelekea wapi, maana huko ndiko mti unakokwenda. Ndipo uchore. Na nafasi utakayoacha, usiache ya mti huu. Acha ya ule ambao mimi sitauona."

"Baba, nina daraja linaningoja."

"Limekauka?"

"Bado. Tumelimwaga juzi."

"Basi lenyewe lina kazi yake, linakauka. Wewe keti."

 Zege alinitazama mimi nimwokoe. Mimi nilijifanya naangalia mafenesi.

"Ukimaliza hapa," baba yake akaendelea, akivaa koti lake taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine, "kwa yule nesi wa nyumba ya nguzo kuna nyuki kwenye tundu la hewa. Usiwafukuze, waombe mtu wa nyuki awahamishe. Na kwa muuza vitabu mfereji umeziba majani. Kila mwaka unaziba. Mwambie apunguze ule mtambaazi, hatakubali, upunguze wewe."

"Baba!"

"Na hii." Akatoa simu mfukoni, ile yenye vitufe vilivyofutika namba, akaiweka kwenye kiganja cha binti yake na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Wakipiga, pokea."

Alikuwa bado hajaiachia ilipoita. Mdogo wangu akaondoa mkono. Akaanza kutembea kuelekea kwenye gari, hatua fupi fupi, hakugeuka nyuma.

Zege akaitazama simu. Ikaendelea kuita. Akaiweka sikioni.

"Haloo. Hapana, si yeye, ni mwanawe." Akasikiliza, akainua uso akatazama juu, kwenye lile tundu la paa ambalo mti ulikuwa umelijaza lote. "Eeh. Na huko kwenu, mvua imeshaanza?"